Wazee Walioalikwa Kupiga Makofi

Swali lililoninyima usingizi muda wote wa utumishi wangu ni hili: mtu akifanya ushujaa, na wote waliomwona wakafa palepale, je, ameufanya? Chuoni tungelijadili muhula mzima, kisha kila mmoja akaenda nyumbani na alama zake. Ofisini kwetu Kasese lilikuwa limeshajibiwa kabla sijaajiriwa. Kanuni ilisema ushujaa vitani ni kitendo kilichoonwa na mashahidi wawili walio hai, wenye akili timamu, wasio na undugu na mhusika. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wazee kanuni hiyo. Mimi nilikuwa nikikaa, wao wakisimama, na wengi wao walikuwa na mguu mmoja mzima.

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Najua neno hilo linachekesha, lakini ndilo walilolitumia: nastaafishwa kwa manufaa ya umma. Mama yangu aliposikia aliuliza kama nitapewa saa ya ukutani. Na kwa kuwa wastaafu huwaandikia kumbukumbu vijana wanaowafuata kazini, nami naandika. Kijana aliyekalia kiti changu ana miaka thelathini na minne na watoto watatu, lakini kazini ni mdogo wangu, naye asome kwa adabu. Kuhusu kupandishwa vyeo sitasema neno, maana hakikutokea kitu cha kusemwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kamati ya nishani iliundwa ili kuwatafuta askari wa zamani waliopigana vita vya milimani wakasahauliwa. Wazee walikuja, wakaeleza walichofanya, wakaleta mashahidi. Kamati ikikubali, mimi niliandika maelezo ya ushujaa, yale yanayosomwa kwa kipaza sauti wakati mtu anavishwa nishani. Kisha sherehe, hema, viti vya plastiki, bendi ya shule, na pilau kwa waheshimiwa.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa suti ya mahafali. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa stoo ya saruji, na hadi leo suti hiyo ukiipiga kofi inatoa vumbi. Ndani nilimkuta Sajenti-meja mstaafu Kule, dereva wa kamati na mtunza sanduku la nishani. Alikuwa ameketi mbele ya gunia la makapi ya kahawa lililovishwa koti, akilichomeka pini kifuani kwa uangalifu wa daktari.

"Wewe ndiyo ile digrii?" aliniuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, mzee."

"Mzee iko nyumbani. Hapa ni afande."

"Ndiyo, afande."

"Na mimi nitakuita afande. Hapa kila mutu ni afande, hata ile mbuzi ya mwenyekiti. Jina?"

"Muhindo."

"Afande Muhindo, kuja hapa. Visha hii gunia nishani."

Nililivisha gunia nishani vibaya sana. Kwanza nilifikiri juu ya upande. Nishani hukaa kifua cha kushoto, lakini kushoto kwa gunia ni kulia kwangu, na mheshimiwa mwenye kuvisha akiwa ameelekeana na shujaa atachanganyikiwa kama mimi, na je, ikipigwa picha na picha ikageuzwa gazetini? Kule alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Mambo aliyonifundisha Kule ndiyo ninayoweza kuwaachia. Makoti ya wazee ni membamba kwa kuvaliwa. Nishani ikining'inia hapo inainama kama jani la mgomba lililokauka. Basi kabla ya sherehe mpitie kila mmoja, umtilie kipande cha kadibodi ndani ya mfuko wa kifua, pini ishike hapo. Shaba ing'arishwe kwa majivu yaliyochekechwa na mswaki mkuukuu, usitumie mchanga, hata mheshimiwa akiwa ameshafika getini. Sanduku libebwe mapajani, kamwe lisiwekwe nyuma ya gari. Na la mwisho alilirudia kila mara:

"Hapana tazama uso. Tazama mfuko. Ukitazama uso, mzee atalia, wewe utalia, pini itaingia kwa nyama. Nishani ya ushujaa hapana ongeza majeruhi."

Kesi zangu za mwanzo zilikuwa rahisi, na ndizo zilizonitia wasiwasi. Kutoka Rukoki walikuja wazee wawili waliokuwa wapishi wa kikosi. Waliokoa sufuria kubwa wakati kambi inapigwa mizinga. Kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake, na walikuwa wamefanya mazoezi vizuri kiasi kwamba nilipomuuliza mmoja, walijibu wote wawili. Wakapata. Kisha akaja bwana aliyewahi kulikodisha jeshi lori lake, na siku moja lori likapata pancha karibu na mapigano. Alikuja na mashahidi waliojaza benchi na wengine wakasimama dirishani. Alikuwa pia ndiye mwenye mahema ya sherehe. Akapata, daraja la pili.

Niligundua jambo ambalo sikujua niliandike wapi: kadiri mtu alivyokuwa mbali na risasi, ndivyo mashahidi wake walivyokuwa wengi na wenye afya. Nilimweleza Kule. Akasema, "Hiyo ndiyo umetumia miaka yote chuo?"

Ndipo akaja Masereka.

Alitoka Bwera, ambako hushona viti vya pikipiki za bodaboda chini ya kibanda cha mabati. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata mkate. Alichechemea hadi mezani, akapiga saluti. Hakuna aliyewahi kunipigia saluti. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Afande, nimekuja kwa ile maneno ya nishani."

"Karibu, mzee. Ulifanya nini?"

"Nilibeba mutu."

"Akapona?"

"Hapana."

Niliweka kalamu chini. Alinieleza polepole, akitazama dirisha. Kikosi chao kilivamiwa kwenye bonde la kijito huko juu mlimani, na walioweza kukimbia wakakimbia. Rafiki yake Thembo alibaki ng'ambo akiwa na risasi tumboni. Masereka alirudi, akavuka kijito huku akipigwa risasi, akamtwaa mgongoni, akavuka tena. Njiani naye akapigwa paja. Akaenda naye hivyo hivyo hadi akasikia kwamba mgongoni hakuna pumzi tena. Akamlaza chini ya mti, akajikokota kutafuta watu, akazimia njiani. Doria moja ikamwokota yeye ikampeleka hospitali. Doria nyingine ikamkuta Thembo ikampeleka kwao.

"Nani aliona?" niliuliza, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa kuuliza.

"Thembo alikuwa kwa mgongo yangu. Lakini na yeye hakuona muzuri."

"Wengine?"

"Walikufa pale kwa maji." Akafikiri. "Iko mutu moja iliona yote. Lakini ile ilikuwa inanipiga."

Nilimweleza kanuni. Alisikiliza kama mtu anayeelezwa ratiba ya basi. Kisha nikamuuliza jambo ambalo halikuwa kazi yangu: amenyamaza miaka yote hiyo, sasa nishani ataifanyia nini?

"Nishani mutaweka hapa kwa kabati, mimi sitaki chuma. Mimi nataka ile mutu ya spika aseme." Aliona sijaelewa. "Thembo alikuwa na mama, huko Nyakalengija. Bibi Masika. Nilienda kwake mara ya kwanza nikiwa na magongo. Alifunga mulango. Anasema mutoto wake walimukuta peke yake, na mimi niko muzima, kwa hiyo nilimutupa. Mimi nikisema nilimubeba, hiyo ni mudomo yangu tu. Lakini serikali ikisema, na spika, na muziki, atasikia. Sasa amezeeka. Nikichelewa, nitaambia nani?"

Alipiga saluti akaondoka. Mimi nilibaki nikiliangalia gunia la makapi ya kahawa, lenye nishani, ambalo halikuwahi kuombwa shahidi.

Wiki iliyofuata nilimwomba Kule anipeleke mpakani, kwa waasi wa zamani, nimtafute yule aliyekuwa akimpiga. Siku ya soko watu wa ng'ambo huvuka daraja na mizigo yao, na miongoni mwao tulimkuta mtu aitwaye Kambale nyuma ya lundo la matunda ya pasheni. Alikuwa mwasi kwenye milima ileile. Alitoka msituni kwa msamaha wa serikali, na cheti chake cha msamaha alikuwa amekitia plastiki na kukitundika juu ya mizani, mahali ambapo wenzake hutundika leseni.

Masereka alikuwa pale pale, ameketi kwenye kreti, akila pasheni kwa kijiko. Niliwatazama wote wawili.

"Mnajuana?"

"Vreman, tunajuana," alisema Kambale, kwa Kiswahili cha ng'ambo chenye Kifaransa ndani. "Siku moja alikuja hapa kununua, minaona ile mutembeo. Minamuuliza: papa, ule muguu, balikupiga wapi? Anasema fasi fulani, kwa kijito fulani. Minasema, ai! Ule ni muguu yangu."

"Muguu yake!" alisema Masereka. "Kama ni yako, ubebe."

"Minakuongezeaka matunda kila soko. Hauchoke kulalamika?"

Niliwaomba wanyamaze, nikamuuliza Kambale rasmi alichoona. Akafuta mikono, akawa mtu mwingine.

"Minamuona alikimbia muzuri, deja alikuwa amepona. Kisha minamuona anarudia. Tulicheka. Tulisema, ule ametumwa na shetani. Anavuka maji, anabeba mwenzake, anavuka tena. Tulikuwa bengi, sote tunapiga. Miye ndiye nilimupata kwa paja. Nilifurahi, kwa sababu ilikuwa kazi. Lakini hakumuangusha. Minamufuata mbali kidogo, minataka kuona ataanguka wapi. Madamu, kwa vita nilionaka mambo mengi. Ile sikuonaka tena."

Nilirudi Kasese nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Shahidi alikuwa hai, mwenye akili timamu, na undugu hakuna kabisa. Kuhusu shahidi wa pili, niliandaa hoja kwamba paja lenyewe ni ushahidi. Nilizipanga hoja, nikazipangua, nikazipanga tena kwa mpangilio mwingine, nikaogopa kwamba mpangilio wa kwanza ulikuwa bora.

Mwenyekiti wetu alikuwa kapteni mstaafu, mtu mnene na mpole aliyependa kufunga vikao mapema. Alinisikiliza huku akitikisa kichwa, nikadhani anakubali.

"Afande Muhindo, huyu shahidi wako ni adui."

"Alikuwa adui, afande. Sasa ana msamaha."

"Msamaha ni wa makosa. Si wa macho. Adui hawezi kutoa ushahidi, ana upande wake."

"Lakini afande, mashahidi wote tuliowakubali wana upande."

"Ndiyo. Upande wetu."

Wajumbe walicheka. Nikasema kwamba aliyekuwa akimpiga risasi mtu ndiye aliyemtazama kwa makini kuliko wote. Mwenyekiti alifikiri kidogo. Haki yake nampa, alifikiri.

"Binti yangu, tukimkubali adui kuwa shahidi, kesho atakuja naye kuomba nishani kwa kulenga vizuri. Tutamwambia nini?" Akafunga kikao. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza: "Huyo mzee mwalike kwenye sherehe. Akae na wazee wa makofi."

Hapa inabidi nieleze, maana vijana wa ofisi nyingine hawatajua. Wale ambao maombi yao yalikataliwa tuliwaalika kwenye sherehe kwa gharama ya kamati. Tuliwapa hema lao, soda, na kazi ya kupiga makofi. Hema la mashujaa huwa na watu wachache, na waheshimiwa hawapendi ukimya. Wazee wa makofi walikuwa wengi, walikuwa na nidhamu ya jeshi, na makofi yao yalikuwa ya nguvu kuliko ya mtu yeyote. Nilisimamia sherehe hizo mara kadhaa na sikumwona hata mmoja akipiga kofi la uongo. Jambo hilo nililifikiria sana, na sijalimaliza.

Asubuhi ya sherehe kubwa, mimi na Kule tulitumwa na pikapu kwenda Bwera kumchukua Masereka. Sanduku la nishani lilikuwa mapajani mwangu, maana sikumwamini mtu wa kuliacha naye, na kwa kweli hata mapaja yangu sikuyaamini sana. Masereka alikuwa amevaa lile shati la mikunjo. Kambale alikuwa kando yake na kifuko cha pasheni.

"Na wewe unaenda wapi?" Kule alimuuliza.

"Minaenda kuona serikali inapiga makofi."

"Wewe ukipiga makofi watu watalala chini."

Walipanda nyuma, wakagongana mabega, na tukaondoka. Njiani tulisimama kuwapisha swala wa mbugani, tukaendelea, na muda wote huo nilikuwa nikiwasikia wakibishana kupitia dirisha dogo la nyuma kama kijito kile kilikuwa na mawe au mchanga.

Nilifikiri. Nilifikiri kwamba mzee huyu sasa atakwenda kumpigia makofi mwenye lori. Nilifikiri kwamba Bibi Masika hayuko uwanjani; hata Masereka angevishwa nishani leo, angeisikiaje kutoka Nyakalengija? Nilifikiri kwamba anachotaka si spika. Anataka mdomo ambao si wake. Na mdomo huo ulikuwa nyuma ya gari letu, unakula pasheni.

Kisha nikafikiri upande wa pili, kwa haki. Gari ni la kamati. Sanduku ni la kamati. Mheshimiwa anafika muda si mrefu. Huenda bibi atatufukuza. Huenda moyo wake hautahimili, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwua bibi wa watu kwa kumpelekea mwasi nyumbani bila taarifa. Huenda Masereka mwenyewe hataki.

Tulifika mjini. Kwenye njia panda, kulia ni uwanja: nilisikia bendi ikijaribu ngoma. Mbele ni barabara ya Rukoki, na ukiendelea, unapandisha hadi Nyakalengija. Kule alipunguza mwendo, akawasha taa ya kukata kulia.

"Afande Kule," nilisema. "Nenda moja kwa moja."

Hakuniuliza. Alitazama sanduku, akanitazama mimi, akazima ile taa.

"Hiyo ni amri?" alisema tulipokuwa tumeshapita.

"Sijui. Nadhani ni amri."

"Amri hapana kudhani."

"Ni amri."

"Ndiyo, afande," alisema, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikunichekesha.

Nyuma, Masereka alikuwa ameelewa. Aligonga dirisha dogo mara moja, kisha akaacha.

Kwa wanaouliza habari za sherehe: ilifanyika, jioni, chini ya mvua. Nasikia hawakutia kadibodi, na nishani zote ziliinama.

Nyumba ya Bibi Masika iko mahali ambapo migomba inakwisha na mlima unaanza. Tulifika wingu likishuka. Masereka hakutoka nyuma ya gari. Alisema mlango ule anaujua. Niliingia uani na Kambale, nikiwa na hotuba tayari, na sanduku kwapani. Bibi alikuwa ameinama juu ya kahawa yake iliyoanikwa, akiisukuma katikati kwa mikono.

"Bibi, mimi naitwa Muhindo, natoka kamati ya—"

"Unaona mvua?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi shika huko!"

Kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya turubai la kijani. Nilishika pembe moja, Kambale akashika nyingine, tukainyanyua na kuikimbiza jikoni, na mvua ikaanguka nyuma yetu. Hivyo ndivyo tulivyokaribishwa. Alitupa vigoda. Hotuba yangu ilikuwa imeyeyuka yote, kwa hiyo nilisema tu kwamba mtu huyu aliona siku Thembo alipokufa.

Bibi aliketi. Kambale aliweka kifuko cha pasheni chini, akavua kofia, akasimulia kama alivyonisimulia sokoni, lakini bila kucheka. Kijito. Kurudi. Mgongoni.

"Alimbeba vipi?" bibi aliuliza. "Begani, kama mzigo?"

"Hapana, mama. Mugongo. Kama mutoto."

"Kisha akamtupa."

"Hakumutupa. Mutoto wako alikuwa amekufa tayari, na ule naye damu inamuisha. Alimulaza chini ya muti. Mvua inapiga kama hii. Akavua koti yake ya mvua, akamufunika, kichwa mupaka miguu. Nilisema, huyu mutu iko mujinga, mvua inamupiga na anafunika maiti. Kisha akaenda kwa magoti. Pale hata miye nilishusha bunduki."

Bibi alikuwa akilitazama turubai lile la kijani lililobeba kahawa. Nami nikalitazama. Lilikuwa na kofia upande mmoja, na vifungo.

"Waliniletea mwanangu amevaa koti lake la mvua," alisema. "Na jingine limemfunika juu. Niliwauliza wale askari, la pili ni la nani? Mtu mmoja huvaa makoti mawili? Wakasema, mama, ni la serikali." Alipitisha mkono juu ya kahawa. "La mwanangu nilimzika nalo. La serikali nikaanikia kahawa."

Kisha akamgeukia Kambale.

"Ni wewe uliyempiga mwanangu?"

Nilitaka kusema kitu. Kambale aliniwahi.

"Tulikuwa bengi, mama. Ule nilimupiga kwa paja minamujua, iko pale inje kwa gari. Mutoto wako, sijui. Inaweza kuwa miye. Sitakudanganya."

Mvua ilipiga mabati. Bibi alimtazama kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kumtazama mtu.

"Wewe nitakufikiria baadaye," alisema. "Kaa hapo hapo." Akasimama. "Umesema yuko wapi?"

Aliimwaga kahawa yote sakafuni. Alilikung'uta koti, akalikunja mkononi, akatoka nalo kwenye mvua bila kulivaa. Nilimfuata na mwavuli nisioweza kuufungua.

Masereka alikuwa amesimama kando ya pikapu, ameloa, mikunjo ya shati imekwisha. Alipomwona alisimama wima, visigino pamoja, kama mbele ya jenerali. Bibi ni mfupi. Ilibidi ainyanyue mikono yake yote miwili kumtupia koti mabegani, na akalivuta huku na huku hadi likakaa sawa, akafunga kifungo cha juu. Muda wote huo alikuwa akimtazama usoni. Kule alikuwa ametoka garini. Alivua kofia, akautazama mfuko wa shati la Masereka, akautazama kwa bidii sana.

"Wasingya," bibi alimwambia Masereka. Ni asante ya kwetu. Kisha, kwa sauti ile ya uani: "Unasimama nje unasubiri nini, mvua ikulete? Ingia."

Masereka alichechemea hatua moja kuelekea mlangoni. Bibi alikuwa ameshageuka, lakini akasimama.

"Na kahawa yangu nitaanika wapi sasa?"

"Nitakushonea turubai, mama," alisema Masereka. "Mimi nashona viti ya bodaboda. Nitakushonea kubwa."

"Lishone bila kofia."

Simu yangu ilikuwa ikitetemeka tangu Rukoki. Kwa kawaida simu ya mwenyekiti ikilia nilikuwa naipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, nikiwa nimeshaandaa samahani mbili, ya haraka na ya ziada. Sasa nilisimama chini ya paa la jiko, nikiwa na sanduku la nishani ambalo hakuna aliyeniomba nilifungue, wala mimi sikufikiria kulifungua. Nikapokea.

"Muhindo! Mheshimiwa amekaa! Nishani ziko wapi? Wewe uko wapi?"

Nilizitafuta samahani zote mbili, sikuziona.

"Niko kwenye sherehe, afande."

"Sherehe gani? Sherehe iko hapa!"

Ndani, bibi alikuwa akiita tukanawe mikono, bundu, ugali wetu wa muhogo, lilikuwa tayari na sombe, mboga ya majani yake, inapoa. Nilimwambia mwenyekiti kwamba tutafika jioni. Nikazima simu, nikaliweka sanduku juu ya kahawa, nikaenda kunawa.